Anayesikiliza Baadaye

Jumatatu, 9 Machi

Kuanzia leo kazi yangu ni kusikiliza. Wadadisi hawaruhusiwi tena kwenda nyumba kwa nyumba, kwa hiyo ofisi ya takwimu imewapa simu, na kila mwezi wanazipigia kaya zilezile kuuliza zinaishije na janga hili. Mazungumzo yote yanarekodiwa. Kompyuta inanichagulia baadhi, navaa hedifoni, nafuata dodoso swali kwa swali nione kama mdadisi hakuruka kitu wala kumlisha mhojiwa maneno. Nikiridhika naweka "imekubaliwa". Nisiporidhika naweka "imekataliwa", naandika sababu, na kaya inapigiwa upya.

Mkuu wa kitengo chetu tunamwita Bwana Wastani, maana hacheki sana wala hanuni sana. Asubuhi ametusimamisha mbali mbali kama watu waliogombana, akatulisha kiapo cha siri upya, barakoa imemshuka chini ya pua.

"Mnayosikia humo ndani, mkitoka mlangoni mmesahau," akasema. "Na ukisikia sauti unayoijua, ya ndugu, ya jirani, ya mchumba wa zamani, vua hedifoni, niletee, nimpe mwingine. Usijifanye shujaa."

Tukaitikia ndiyo mzee, kama watoto wa darasa la kwanza. Mvua imeanza leo hii hii. Madirisha lazima yawe wazi kwa ajili ya hewa, kwa hiyo meza yangu imelowa.

Jumatano, 11 Machi

Mvua. Wahojiwa wengi wanaanza kwa kumshukuru Mungu, kisha wanasema wamelala bila kula.

Jumapili, 15 Machi

Kaka amepiga, kama kila Jumapili. Ndiye aliyenilea baada ya wazazi kufariki, na mpaka leo ananisemesha kana kwamba bado navaa sare za shule. Anajua niko ofisi ya takwimu, ila anadhani kazi yangu ni kujumlisha namba tu.

"Mama Hesabu, umekula?"

"Nimekula, Kaka. Nyinyi je?"

"Umewahi kuona mpishi amelala njaa wewe? Sisi hapa tunakula mpaka sufuria zinatuomba radhi."

Hoteli anayopikia imefungwa, lakini anasema wamembakiza alinde jiko kwa nusu mshahara. Nikamuuliza jiko linalindwaje. Akasema unaliangalia lisitoroke. Nilicheka mpaka nikakohoa, naye akanigombeza nifunge dirisha nikilala.

Mji wake uko mbali, siku nzima kwa basi, na mabasi hayaendi. Mikoa imefungwa. Inaruhusiwa mizigo tu.

Alhamisi, 19 Machi

Mvua inapiga bati za watu mpaka sisikii majibu. Nimekataa rekodi nne kwa sababu ya mvua.

Jumanne, 24 Machi

Nimefanya jambo ambalo sikupaswa kulifanya, na nikiwa mkweli, kesho ningelifanya tena.

Ilikuwa rekodi ya Redio. Ni mdadisi mwenzetu, tumempa jina hilo kwa sauti yake. Hata akikukatiza unaona amekuheshimu. Rekodi hazina majina, zina namba za kaya tu. Mhojiwa akasema "Haloo". Sauti hiyo ndiyo iliyokuwa ikiniamsha niende shule.

Nilijua la kufanya. Hedifoni ilikuwa inavulika kwa mkono mmoja. Sikuivua.

"Katika siku saba zilizopita," Redio akasoma, "kuna mtu mzima katika kaya hii aliyelala bila kula kwa kukosa chakula?"

Nilisikia mvua kwenye bati lao.

"Yupo."

"Wangapi?"

"Wawili. Mimi na mama watoto. Watoto tunahakikisha wamepata uji."

"Shughuli yako kuu ni ipi?"

"Nilikuwa mpishi."

"Ulikuwa?"

"Hoteli ilitupa barua wote mwezi wa kwanza. Tangu hapo nabangaiza. Nilibeba mifuko ya saruji kidogo, na huko wamesimamisha."

Hakuna jiko analolinda. Hakuna nusu mshahara. Kila Jumapili ananipiga chenga mchana kweupe, na mimi nacheka.

Mwishoni Redio akamuuliza kama ana la kuongeza. "Ninalo," Kaka akasema. "Hilo la mpishi kulala njaa liandike vizuri. Nina mdogo wangu, siwezi kumwambia, atauza hata kitanda anacholalia. Lakini nyinyi hamnijui, na wakubwa wanasoma mnayoandika. Liandike."

"Nimeandika, kaka yangu. Na majibu yako ni siri."

"Ndiyo maana nakwambia."

Nikaweka "imekubaliwa". Mahojiano yalikuwa safi, hakuna swali lililorukwa. Redio akaniona kutoka upande wa pili wa chumba, akauliza macho yamefanya nini. Nikasema ni spiriti ya kufutia meza. Nilikuwa nalia, na nilikuwa na hasira naye Kaka, hasira ya kutaka kumfinya.

Jumapili, 29 Machi

Nilijitia hamnazo. Nikamwambia nina hela zinanikaa vibaya mkononi, nitazila ovyo, anishikie. Akacheka. "Mama Hesabu mzima anashindwa kushika hela? Nunua ndoo, mvua hii bado ipo." Nikamtumia hivyo hivyo. Kabla sijamaliza kuosha vyombo zilikuwa zimerudi.

Nikajaribu kwa wifi, mke wake. Akasema hawezi kupokea kitu nyuma ya mumewe, kwamba nikitaka amani ya nyumba yao nisimtie majaribuni.

Jumatano, 8 Aprili

Ripoti ya duru ya kwanza imetoka. Kaya zinazokosa mlo zimepungua ukilinganisha na utafiti wa mwaka jana. Magazeti yamefurahi. Bwana Wastani hakufurahi. Alinionyesha safu ya kaya zilizopigiwa mara sita zisipokee. "Mwenye njaa huuza simu kwanza," akasema. "Akishaiuza, kwenye jedwali hana njaa." Aliyaandika hayo chini ya ukurasa kwa maandishi madogo. Aliomba yawe makubwa, wakakataa.

Jumamosi, 11 Aprili

Mvua. Kiatu kimeachama.

Jumanne, 21 Aprili

Safari hii siwezi kusingizia kompyuta. Haikunichagulia kaya ya Kaka. Niliitafuta mwenyewe kwenye orodha ya duru ya pili, nikaivuta kwenye fungu langu.

Kikohozi nilikisikia kabla ya salamu.

Jumapili iliyopita nilikisikia pia, akaniambia ni vumbi, alikuwa anafagia stoo. Nilitaka kumuuliza vumbi gani hilo na mvua hii. Sikumuuliza, kwa sababu nilikuwa naogopa jibu.

"Kuna mtu katika kaya aliyehitaji matibabu asiyapate?" Redio akauliza.

"Mimi."

"Sababu kuu?"

"Nisomee mlizonazo."

Redio akamsomea. Hana pesa. Hofu ya kuambukizwa. Usafiri. Kituo kimejaa.

"Nyingine ipo?" Kaka akauliza.

"Ipo. Taja."

"Nikienda wakanilaza, mama watoto anabaki peke yake na watoto wawili, na si mtu wa kuomba. Sisi sote hapa si watu wa kuomba. Mnayo hiyo?"

"Nitaiweka kwenye 'nyingine'."

Akakohoa. Aliweka simu chini, akaenda kukohoa mbali, akarudi akiomba samahani. Redio akateremsha sauti. "Kifua hicho kina muda gani, kaka?"

"Swali hilo lipo hapo?"

"Halipo. Nimeuliza mwenyewe."

"Basi usilijaze. Wiki ya pili hii. Hata mama watoto nilimwambia siku tatu tu, leo ndiyo anasikia, huyu hapa ananitolea macho."

Mchana nikaenda kwa Bwana Wastani. Nikamuuliza, kama kwa utani, kwamba mhojiwa akisikika anakaribia kufa tunafanyaje.

"Mdadisi anamsomea namba ya bure ya wizara."

"Na sisi tunaokagua?"

"Sisi hatukusikia." Akaniangalia kidogo. Hakuwa mkali. "Ukivunja siri umwokoe mmoja, habari inatembea. Mwezi ujao kaya elfu tatu zinakudanganya, chakula kinapelekwa pasipo na njaa, na wengine wanakufa bila wewe kujua. Nimefikiria sana hilo. Usidhani silali kwa sababu ya kahawa."

Nilimchukia, kwa sababu alisema kweli.

Jumatano, 22 Aprili

Nimempigia wifi saa za chakula, nimesimama nyuma ya jengo chini ya mfereji unaovuja. Nataka niandike yote kama yalivyokuwa, kabla sijaanza kujitetea.

"Wifi, leo hii mpeleke Kaka hospitali. Nauli na dawa natuma sasa hivi, na zikirudi nitazituma tena."

"Kuna nini, wifi? Mbona unahema?"

"Kifua cha wiki mbili si vumbi."

"Nani kakwambia wiki mbili?"

Nikasema nimehisi tu. Nikasema sauti ya Jumapili. Nilibabaika, maneno yakanigongana mdomoni.

"Wiki mbili aliwaambia watu wa takwimu peke yao," akasema, polepole, kama mtu anayepapasa kitu gizani. "Nilikuwa nimekaa pembeni yake. Hata mimi nilizisikia hapo hapo. Wifi. Mlituambia ni siri."

Nikasikia simu inabadilishwa mkono.

"Mama Hesabu." Hakuwa amekasirika. Afadhali angefoka. "Kumbe ni wewe unayesikiliza."

"Kaka, nenda hospitali. Nakupigia magoti."

"Umesikia tangu lini?"

"Tangu mwezi wa tatu."

"Kwa hiyo na ile ya kukushikia hela..." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, nikasubiri. Kilichukua muda. Alipopata pumzi akasema, "Palikuwa na mahali pamoja tu ambapo nilikuwa nasema ukweli. Ukaja na huko."

"Ningefanya nini? Nikuache ufe niwe mtumishi mwaminifu?"

"Sijui, mdogo wangu. Mimi sikuapa, wewe ndiye uliyeapa."

Akakata. Nilirudi mezani nimelowa, nikakagua rekodi tano na sikumbuki hata moja.

Ijumaa, 24 Aprili

Ujumbe wa wifi: "Amekwenda. Vitanda vimejaa. Wamempa vidonge wamemrudisha nyumbani. Hela tumepokea."

Hazijarudi. Nimefurahi mpaka nikaogopa.

Jumapili, 26 Aprili

Hakupiga. Nimepiga mimi, inaita mpaka inakatika.

Jumapili, 3 Mei

Hakupiga.

Ijumaa, 8 Mei

Wifi amepiga asubuhi wakati natafuta mwavuli. Nikajua kabla hajasema, kwa sababu aliniita jina langu.

Wafanyakazi wa manispaa wamemzika mchana, wamevaa nguo za plastiki. Yeye na watoto wamesimama ng'ambo ya barabara. Kibali changu cha kusafiri kimetoka jioni.

Jumatatu, 11 Mei

Sina cha kuandika.

Jumatatu, 18 Mei

Nimerudi kazini. Redio amenipa pole kwa sauti ile ile, nikashindwa kumtazama. Hajui. Anajua nimefiwa na kaka, hajui kwamba ni yule yule aliyekuwa akimwita "kaka" kwenye simu. Bwana Wastani akasema niongeze siku za kupumzika. Nikasema nyumbani kuna kimya kibaya zaidi.

Rekodi zangu zilikuwa zimelundikana, na ya kaya yake ilikuwemo. Duru ya tatu, ambayo ilianza mapema, imerekodiwa tarehe thelathini Aprili. Siku nane kabla.

Nikavaa hedifoni.

"Kuna mtu mzima aliyelala bila kula?"

"Hakuna. Milo mitatu." Pumzi. "Na jioni chai."

"Shughuli yako kuu?"

"Mpishi. Wamenirudisha." Pumzi. "Na cheo wamenipandisha."

"Hongera sana, kaka!" Redio alifurahi kwelikweli, maskini. "Na kile kifua?"

"Kilikuwa vumbi."

"Kuna aliyehitaji matibabu asiyapate?"

Hapo kulikuwa na sauti ya kitu kinafunikwa, nadhani aliweka kiganja kwenye simu. Nikapandisha sauti mpaka mwisho. Alikuwa anakohoa mbali sana, na wifi alikuwa anasema, "Acha, baba, waambie tu, acha." Kiganja kikatoka.

"Hakuna. Sote wazima."

"Una la kuongeza?"

"Andika mpishi ameshiba. Na yule anayesikiliza baadaye, mwambieni asihangaike."

"Hakuna anayesikiliza, kaka yangu. Ni mfumo tu."

"Basi uambie mfumo."

Jumanne, 19 Mei

Nimeisikiliza tena. Mahojiano ni safi. Hakuna swali lililorukwa. Kwa kanuni zetu, kauli ya mhojiwa ndiyo kauli. Nikiweka "imekubaliwa", kaya ya Kaka inaingia kwenye safu ya kaya zilizoimarika, na ripoti ya mwezi wa sita itasema watu kama yeye wameanza kunyanyuka.

Alinidanganya kwa sababu ananipenda. Alitumia pumzi aliyokuwa nayo kunidanganya. Nani ana moyo wa kukataa zawadi ya namna hiyo? Lakini mwezi wa tatu alimwambia Redio aliandike vizuri lile la njaa, wakubwa walisome, na aliyeziba mdomo ule ni mimi. Sikula. Nimeiacha bila alama.

Jumatano, 20 Mei

Imekataliwa.

Kwenye nafasi ya sababu nimeandika: "Majibu si ya kweli. Mhojiwa alijua kuwa mkaguzi ni dada yake, kwa kuwa mkaguzi alivunja kiapo. Mhojiwa amefariki." Nikaichapa, nikampelekea Bwana Wastani mwenyewe, maana sikutaka aikute kwenye kompyuta.

Akaisoma. Akavua miwani akaifuta, na haikuwa na uchafu.

"Ungeweka imekubaliwa, nisingejua kamwe."

"Najua, mzee."

"Alikuwa na kazi gani?"

"Mpishi."

Akatikisa kichwa muda mrefu. Nilidhani atanifokea, kumbe alikuwa anatafuta pa kuanzia. "Nitalazimika kuandika kwa nini unaondoka," akasema. "Siwezi kukufichia."

"Usinifichie."

Akanyoosha mkono nikampa kitambulisho. Kitumbua kimeingia mchanga, na nilikitia mchanga mwenyewe. Mlangoni nikamuuliza kuhusu kaya ile. Akasema itapigiwa upya kama kanuni inavyotaka, ataulizwa mtu mzima aliyebaki, na rekodi ataikagua yeye. Kisha akaniambia pole, na ndiyo mara ya kwanza nimesikia sauti yake inapanda na kushuka.

Jumapili, 31 Mei

Mvua zinapungua. Kazi sina. Wifi hapokei. Hela nilizotuma kwa ajili ya watoto zimerudi zote, asubuhi na mapema.

Jumanne, 9 Juni

Wifi amepiga mwenyewe. Nilikuwa naanika nguo, nikaangusha shuka kwenye matope.

"Leo wamepiga watu wa takwimu," akasema, bila salamu. "Yule mwenye sauti nzuri."

"Umewajibu?"

"Nilimuuliza kwanza kama na wewe umo. Akasita, akasema umeacha kazi. Nikamuuliza kama ni kweli, akaapa. Ndipo nikamjibu."

"Yote?"

"Yote. Na yale ya mwisho wa mwezi wa nne nikamwambia yalikuwa ya uongo, afute. Na ya siku ile ya mwisho, na vitanda. Nilizungumza mpaka salio lao likaisha wakapiga tena."

Nilikaa chini pale pale kwenye unyevu. Nilifurahi, Mungu anajua nilifurahi. Kaka ameandikwa. Nyuma yake nilisikia mtoto analia, kilio chembamba cha mtoto aliyelia muda mrefu, na wifi akimnyamazisha bila kumwambia kitu.

"Wifi," nikasema. "Leo mmekula?"

Nikasikia akimbeba mtoto.

"Hayo nimeshawajibu wao," akasema. "Wewe niulize mengine."

Nikatafuta la kuuliza, nikakosa.